Tairi za Kwenda Shelui

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Barua imefika. Imeletwa na utingo wa lori la alizeti, imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Baba mkwe haandiki mengi. Anasema Eliana yuko kwake Shelui tangu Agosti, ni mzima. Ukimtaka mkeo, uje wewe mwenyewe, na uje na ile pikipiki, isipite Jumamosi ya tarehe 22. Baada ya hapo nampimia shamba alime hapa. Basi. Hata salamu kwa wazee wa kanisa hamna.

Nimeisoma mara nne. Akipimiwa shamba, msimu mzima huo umekwenda. Na mtu akishavuna mahali, arudi Mgori kufanya nini?

Na kwa nini pikipiki? Mabasi yapo, malori yapo. Hiyo si amri ya baba mkwe, hiyo ni sauti ya Eliana kabisa.

Nimetoka kuiangalia. Tairi ya nyuma kipara, inang'aa. Ya mbele ina mpasuko niliouwekea kipande cha tyubu kwa ndani. Kwa tairi hizi sifiki Iguguno, sembuse kuteremka mlima wa Sekenke.

Tena pikipiki si yangu! Ni ya mtaa wetu wa kanisa. Wakristo walichanga alizeti na kuku mpaka ikanunuliwa, mimi mwinjilisti wao naiendesha tu. Kwa hiyo kupata tairi ni mpaka wazee wa kanisa wakae kikao. Mungu nisaidie.

Jumanne, 4 Novemba

Wamekaa. Tairi zimewekwa ajenda ya nne, baada ya paa la choo.

Nimesema nina semina Shelui tarehe 22. Nimedanganya — mwinjilisti mzima! Lakini ningesema nini? Kwamba mke kanikimbia? Mtaa wote unajua Eliana amekwenda kumuangalia baba yake, mjane, hajui hata kuinjika chungu. Ndivyo nilivyowaambia.

Nilidhani watasema sawa, kanunue. Wapi! Mzee Zefania, mwenyekiti, kavua miwani, kaifuta, kairudisha. Anasema tairi si kitu cha kukurupukia. Za aina gani? Kwa barabara gani? Samweli katibu akadakia kuwa siku hizi aina ni nyingi. Mama Esta, mtunza hazina, akaniangalia tu.

Wameunda kamati ndogo ya kwenda mjini kuangalia tairi. KUANGALIA! Wajumbe ni wao watatu.

Ijumaa, 7 Novemba

Singida mjini na kamati. Tumekwenda kwa lori la mahindi, mzee Zefania kakaa mbele, sisi juu ya magunia.

Nakumbuka enzi za vibali. Unaandika barua mkoani, unangoja miezi mitano, unapewa tairi iliyopo, unashukuru na kupiga makofi. Leo biashara huria! Maduka matatu mtaa mmoja, tairi za India, za China, za Japani, zimening'inizwa mpaka mlangoni. Na kila moja mwenye duka anaapa ni original.

Tumeishia kwa Stanley, yeye ni fundi na muuzaji, angalau anajua anachouza. Katushushia tatu. Ya kwanza ina mistari tu, ya lami, inakwenda kimya na inadumu. Mama Esta kauliza lami iko wapi. Kweli! Lami yetu unaimaliza kabla hujafika gia ya nne. Ya pili ina kashata kubwa, yaani meno ya mpira yaliyochomoza — inafaa mchanga wa kwetu na matope, lakini kwenye barabara ngumu inanguruma, inacheza kwenye kona, na ukienda mbali mara mbili tatu imekwisha. Ya tatu ni mchanganyiko, kashata ndogo zilizobanana. Ya safari, anasema Stanley. Unatoka mchangani, unaingia changarawe, unafika.

Hiyo hiyo! Nikasema hiyo. Moyo ukatulia.

Samweli kauliza kama tunaweza kununua ya nyuma peke yake, ya mbele ingoje mavuno. Stanley kamjibu vizuri: ya nyuma ikiteleza mwinjilisti ataaibika tu, ya mbele ikiteleza mtamzika. Samweli kaandika hilo kwenye daftari la kikao.

Halafu mzee Zefania akauliza mchungaji wetu anatumia tairi gani. Hakuna anayejua. Basi ni lazima aandikiwe barua aulizwe, tusije tukaonekana tunajikweza.

Nimerudi juu ya magunia bila tairi. 

Jumapili, 9 Novemba

Kwenye matangazo, baada ya harambee ya kwaya, Samweli kasoma kwamba mtaa uko katika kuchagua tairi na maoni yanakaribishwa. Nilikuwa nimesimama madhabahuni. Nilitamani sakafu ipasuke.

Maoni yamekuja! Watu ishirini nje ya kanisa. Mmoja anasema za India. Mwingine anasema shemeji yake alipanda za India na sasa anatembea na fimbo. Bibi Martina, ambaye hata baiskeli hajapanda, kaniambia nikatae tairi nyembamba, nitafute iliyonona. Nimesema asante bibi. Nimesema asante mara ishirini.

Jumatano, 12 Novemba

Hakuna tairi. Hakuna kikao. Barua tuliyomwandikia mchungaji haijajibiwa. Mzee Zefania yuko msibani Issuna, atarudi akirudi.

Redio inasema mvua za mwaka huu zitakuwa kubwa ajabu. Mawingu yameanza upande wa msitu. Zimebaki siku kumi.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu.

Mwezi wa sita zilikuja habari kwamba mama yake Eliana anaumwa sana. Eliana akasema, baba Yasinta, nipeleke. Nikamwambia tairi zimekwisha, na isitoshe pikipiki ni ya kazi ya Bwana. Hakubisha. Siku mbili baadaye mchungaji, chombo chake kikiwa kwa fundi, nikampeleka kwenye mkutano Issuna na kumrudisha. Kwa tairi zile zile! Eliana aliniona natoka. Alikuwa anafunga kanga ya kwenda kutafuta lori mjini.

Alingoja lori siku mbili. Alipofika Shelui aliwakuta wanatoka kuzika.

Akarudi kwangu. Julai yote alipika, alifua, aliimba kwaya. Siku moja ya Agosti akakunja nguo zake, akamchukua Yasinta, mtoto wetu, akaniaga kama mtu anayekwenda sokoni. Ningependa angenitukana.

Ndiyo maana anataka niende na pikipiki. Ninajua. Na sasa tairi zimekwisha kweli, na hakuna atakayeamini nikisema, hata mimi mwenyewe sitaamini.

Jumanne, 18 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Kikao. Jibu la mchungaji limesomwa: yeye hajui tairi zake ni za aina gani, alifungiwa na fundi, anatutakia baraka. Zaidi ya wiki tumengoja hilo!

Kisha Samweli kasimama na suluhu. Kwa kuwa wengine wanapenda za mistari na wengine za kashata, na ili mtaa usigawanyike, tununue ya mistari mbele na ya kashata nyuma. Kila upande uridhike. Mzee Zefania anatikisa kichwa polepole kama anayepima. Wanataka niteremke Sekenke kwenye mvua na tairi ya lami mbele, kwa ajili ya umoja!

Nikapiga meza. Sijawahi kupiga meza maishani. Nikasema sina semina! Mke wangu ameniacha, yuko kwa baba yake, Jumamosi anapimiwa shamba, na ninyi mmekaa hapa mnaridhisha pande!

 Nje mbuzi walikuwa wanakwaruza ukuta.

Mama Esta ndiye aliyesema kwanza, taratibu kabisa: Mwinjilisti, tangu lini semina inafanyika kwa baba mkwe?

Wanajua! Wanajua tangu Agosti. Utingo anakunywa chai kwa mama Esta kila akipita, na hajawahi kuzaliwa utingo anayejua kunyamaza. Mzee Zefania kavua miwani. Anasema, mwanangu, tairi tungekupa siku ile ile. Tulikuwa tunakungoja useme. Ulitaka uende kwa wakwe peke yako, kama mwizi wa kuku? Nani angekusemea?

Samweli peke yake alikuwa hajui. Maskini, yeye alikuwa anabishania tairi kweli.

Nina hasira. Wiki mbili wamenizungusha na ajenda na kamati na barua! Si wangeniita tu pembeni wakaniambia? Nikamuuliza mzee hivyo hivyo. Kanijibu kwamba na mimi ningeweza kumwita pembeni nikamwambia, nyumba yake haina mbwa.  Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Wameidhinisha. Kanunue unazotaka wewe, wakasema. Mzee Zefania atakwenda nami Shelui.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimekwenda mjini peke yangu, magurudumu mawili nimeyafungua nikayabeba kwenye lori, hela mfukoni, ruhusa ya kununua nizitakazo. Na nimesimama dukani kwa Stanley saa nzima nisijue nichukue ipi!

Ya mchanganyiko ndiyo niliyoitaka tangu siku ya kwanza. Lakini kama mvua itakuwa kubwa kama redio inavyosema? Labda ya kashata. Lakini ni zaidi ya kilomita mia za changarawe, na mzee nyuma. Nikaishika hii, nikaiacha, nikaishika ile. Stanley kahudumia wateja wanne, kanywa chai, kanirudia. Ananiambia mwinjilisti, hakuna tairi itakayokufikisha mahali halafu ikakusemea. Sijui kasikia nini. Singida nzima inajua, naona.

Nimechukua mchanganyiko, zote mbili. Ya mbele nilikataa mbili za kwanza: kanifundisha kubonyeza kwa ukucha, mpira usiobonyea ni wa zamani, umekaa stoo umekauka. Ya tatu ilibonyea. Kanionya nisiilaze pikipiki kwenye kona siku ya kwanza, tairi mpya ina utelezi mpaka isuguliwe na barabara.

Siku ya kwanza ni kesho. Na kesho ni Sekenke.

Ijumaa, 21 Novemba. Shelui

Tumefika. 

Mzee Zefania kapanda na koti la harusi, kofia, na jogoo kwenye kikapu. Mpaka Singida mchanga tupu, tairi zinashika vizuri, nikaanza kupiga mluzi. Mpaka Misigiri vizuri. Juu ya Sekenke mvua ikatufungukia yote kwa mara moja.

Niliteremka kwa gia ya kwanza, miguu nimeiteremsha kama mtoto anayejifunza baiskeli. Mara moja ya nyuma ilikwenda upande, malori yanatupita kwa honi, jogoo anapiga kelele. Ya mbele ilishika.  Chini mzee akasema tusimame, akashuka, akakaa juu ya jiwe muda mrefu. Akaniambia pole. Nikamwambia shikamoo. Sijui kwa nini, nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

Tumelala kwa Mkristo mmoja hapa hapa Shelui. Mzee anasema hatuendi kwa wakwe na matope mpaka kiunoni. Nimeosha pikipiki. Nimeosha tairi kwa kitambaa, kashata moja moja.

Jumamosi, 22 Novemba. Kwa baba mkwe

Naandika nimekaa kwenye benchi barazani. Wazee wako ndani, wanazungumza Kinyiramba na Kiswahili, nasikia jina langu na sisikii linalofuata. Baba mkwe alitupokea vizuri mno. Kauliza habari za alizeti. Hakuna kinachotisha kama baba mkwe anayeuliza habari za alizeti.

Yasinta kanirukia shingoni, amerefuka. Eliana katoka nyuma ya nyumba. Kampigia mzee goti, shikamoo. Mimi kanisalimia habari za safari, kama mteja. Nikasema nzuri. 

Kaizunguka pikipiki. Kainama, kabonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba, halafu ya nyuma.

— Mpya?

— Mpya. Zote mbili. Za safari.

— Kumbe huwa zinapatikana.

Hakupandisha sauti. Nikasema Eliana, nimekosa. Akasema anajua nimekosa, na kwamba sikuja huku kote kumwambia analolijua. Nikasema basi niambie nifanye nini.  Akasema, twende kwa mama, hujawahi kufika.

Nikachomoa ufunguo mfukoni haraka, nikamwambia panda, twende. Mjinga mimi!

— Kwa miguu, kasema. Ni hapo tu, nyuma ya shamba.

Kaingia ndani kuchukua kanga. Ndipo nikafungua daftari hili, maana mikono haina la kufanya. Mzee Zefania kachungulia mlangoni, kaniashiria niliweke chini.

Ametoka. Kanga kaifunga kiunoni. Hana mfuko, hana mzigo. Ana jembe begani, la kupalilia kaburi au la hilo shamba, sijathubutu kuuliza. Anapita mbele ya pikipiki haiangalii. Amefika kwenye ua wa minyaa, amesimama, amegeuka, ananingoja. Naliweka daftari chini.