Taulo Pembeni mwa Picha

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, goti lako la kushoto limetulia, na vijana wa jimu wameanza kurudi mazoezini. Mama ameniambia hulali, na chakula unakisogezasogeza tu kwenye sahani. Pole sana, baba. Mimi mwanao Pengo, kama unavyopenda kuniita mbele za watu, ni mzima, isipokuwa bega la kulia linaniuma kwa uzito wa kamera. Majirani wa hapa nilipopanga siku hizi wananisalimia kwa mbali. Hawajui wanipe pole au wanikimbie.

Nakuandikia kwa sababu mbele yako ulimi wangu hufa, unajua mwenyewe. Simu hupokei. Barua huwezi kuikatiza katikati wala kuirushia kiatu. Nimempa mama akukabidhi mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka umalize kuisoma.

Mama alinipigia akasema umemtuma aniulize habari za kamera yangu: uzuri wake ni upi, ubaya wake ni upi, inaona mpaka pembeni au katikati tu, na kama inaweza kukosea. Nilicheka, baba. Halafu kicheko kikanikauka. Miaka yote unaiita kinu, unasema mtoto wa bondia anatembea na kinu shingoni kama anakwenda kutwanga. Hujawahi kuuliza hata inawashwa wapi. Leo unataka kujua inaona mpaka wapi! Haya, umeuliza, nami nitajibu.

Uzuri wake wa kwanza ni ugumu. Mwili ni wa chuma, na kila mshono umezibwa, maji hayapiti, vumbi halipiti. Mimi hukaa chini ya ulingo, viwiko juu ya turubai, na pale unanyeshewa kila kitu: jasho, mate, maji ya ndoo, damu. Siku yule bondia muuza nyama alipopasuliwa nyusi, damu iliruka ikatapakaa kwenye lenzi yote. Niliifuta kwa ncha ya shati nikaendelea kupiga. Mwenzangu wa pembeni, mwenye kamera ndogo ya kisasa, yake ilizimika palepale akabaki anaitikisa kama redio mbovu.

Tena unakumbuka siku mashabiki walipokataa matokeo, viti vikaanza kuruka. Wewe ulikuwa mlangoni unaangusha watu mmoja mmoja huku unacheka. Mimi nilikabwa kwa nyuma na jibaba moja lililoshika mkanda wa kamera, linavuta kamera na shingo yangu kwa pamoja. Macho yalianza kuniingia giza. Nikaishika kamera kwa mikono miwili, nikageuka, nikalitwanga nayo usoni. Nilisikia mfupa wa pua ukivunjika, mlio kama wa kijiti kikavu. Likaketi chini taratibu, damu inamwagika kifuani, limeduwaa. Kamera haikupata hata mkwaruzo. Niliiwasha ikawaka, na picha ya kwanza niliyopiga ni ya jibaba lile likiipapasa pua yake. Kumbe kweli ilikuwa kinu.

Wewe ulinisifu wiki nzima. Uliwaambia vijana wa jimu kwamba damu haipotei, kwamba Pengo angekuwa wa kiume angechukua mikanda yote. Naona haya kusema, lakini nilifurahi mpaka nikalia nilipofika nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu kwa jambo lolote, na jambo lenyewe ni kumvunja mtu pua.

Halafu inaona kwenye giza. Ukumbi wetu nusu ya taa zimekufa na zilizobaki zinakonyeza, lakini kamera hii huniletea mpaka vinyweleo vya shingo. Na ina kasi, mama yangu! Ukishikilia kitufe inashona kama cherehani, picha juu ya picha, kabla hujapepesa jicho. Ngumi ambayo watu wa kwenye viti wanaona ukungu tu, yenyewe inaikata vipande: inatoka begani, iko njiani, shavu linakunjika, kinga ya meno inachungulia nje.

Sasa ubaya. Ni nzito, hilo nimeshakwambia, na bega langu ni shahidi. Ina kelele, kacha-kacha-kacha, huwezi kumpiga mtu picha asijue. Ndiyo maana siku tulipomzika Fundi Pancha niliiacha nyumbani. Nilisimama nyuma ya watu na mikono mitupu, nikawa sijui niipeleke wapi. Mkewe aliniona. Hakunitukana. Aliniangalia tu, na tumbo lile lote mbele yake, nikainamisha kichwa.

Lakini kuna ubaya mwingine ambao wasioijua kamera hawaujui, na huu nataka uusome polepole. Ndani ya kamera yangu mna kioo kidogo. Ninapochungulia, ninachokiona nakiona kupitia kioo hicho. Nikibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu kupisha mwanga uingie, na wakati huo jichoni mwangu ni giza. Kikirudi chini naona tena, kikipanda giza tena. Maana yake, baba, ile picha yenyewe ninayoipiga ndiyo kitu ambacho mimi sikukiona. Wengine wote ukumbini wanaona. Mwenye kamera anasubiri aletewe habari.

Kwa hiyo mpelelezi aliponiuliza niliona nini Jumamosi ile ya pambano, nikamwambia sikuona, sikumdanganya.

Nilichokiona ni hiki. Mdogo wangu Ngurumo alikuwa amemchosha Fundi tangu raundi ya tatu. Fundi wa watu alikuwa na mikono ya kubandua matairi, alikuwa na moyo, lakini pumzi hakuwa nayo. Mdogo wangu alimpiga mbavu mpaka zikawa nyekundu kama zimechomwa pasi. Raundi ya sita akamsukumia kwenye kamba, upande wa kona yetu, mbele ya pua yangu. Kulia, kushoto, kulia. Damu ya Fundi ilinidondokea kwenye mkono. Refa akakimbilia kuwatenganisha, akateleza kwenye maji yaliyomwagika, akaanguka kwa goti nyuma ya mgongo wa Ngurumo. Hapo nikashikilia kitufe. Kukawa giza, mwanga, giza, mwanga. Katikati ya giza hilo nikasikia ngumi moja ambayo haikufanana na nyingine. Ililia kama gunia la mchanga lililolowa, likiangushwa kutoka juu ya lori. Nilipotoa jicho, Fundi alikuwa analala juu ya kamba ya chini, mikono inaning'inia nje ya ulingo, na kidole chake kimoja kinacheza chenyewe. Siku ya tatu akafa hospitalini.

Yaliyofuata unayajua, lakini acha niyaseme. Usiku uleule mhariri alinihimiza nimtumie picha. Nikamtumia zote bila hata kuzitazama. Akachagua moja. Ngurumo amegeuza uso pembeni, macho yamemtoka, glovu ameshazishusha, na mbele yake Fundi ananing'inia kwenye kamba hajiwezi. Wakaandika juu yake kwa herufi za kutisha kwamba alimtafuta refa, akaona hayupo, akaua. Polisi walikuja na gazeti mkononi. Mpelelezi anasema ule mtazamo ndio kusudi lenyewe: aliyepandwa na hasira hupiga tu, lakini huyu alisimama, akaangalia kama anaonekana, ndipo akapiga. Anataka Ngurumo ashtakiwe kwa kuua kwa kukusudia. Mdogo wangu atazeekea gerezani, baba, kwa picha yangu.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Amekonda. Midomo imepasuka, na jicho moja limevimba kwa kipigo cha wenzake mle ndani. Walikuwa wanataka kupima kama Ngurumo ananguruma kweli. Hakurusha hata ngumi moja kujitetea. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama mke wa Fundi anakula. Nikamuuliza alikuwa anamtazama nani kwenye ile picha. Akatazama sakafu. Akasema ilikuwa hasira tu. Hasira! Ngurumo huyu ambaye hata kuku akiingia jikoni anamwomba atoke. Nikamsukuma bega nikamwambia aache upuuzi. Akalia, akaniambia nimwache mzee, mzee ana presha.

Nikarudi chumbani nikafungua picha yenyewe, siyo ile ya gazeti. Mhariri alikuwa ameikata pembeni. Wewe umeuliza kama kamera inaona mpaka pembeni. Inaona, baba. Pembeni upo wewe.

Ngoja kwanza nikukumbushe kitu, maana watu wazima husahau wanachotaka. Mimi nilikuwa darasa la saba, Ngurumo la tano, na uani kwetu ulikuwa umechora ulingo kwa majivu. Ulitupambanisha kila jioni, ukisema mtoto asiyefunzwa na babaye atafunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna glovu. Siku ile nilijikwaa nikapiga magoti. Ngurumo akasimama. Akakutazama wewe, kama alivyokutazama sikuzote kabla ya kufanya lolote. Ukachukua taulo lako, ukajifuta mdomo taratibu. Ulishatufundisha maana yake: mtu anayejifuta mdomo ameshamaliza chakula, kwa hiyo maliza. Ngurumo akatikisa kichwa akakataa. Ukajifuta mara ya pili, na tulijua sote ni kipigo gani hufuata ukijifuta mara ya pili. Akanipiga huku analia. Jino la mbele likatoka zima na mzizi wake. Mama alilitafuta kwenye majivu mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo nikawa Pengo, na jimu nzima ikacheka, na mimi nikajifunza kutabasamu nimefumba mdomo.

Picha za Jumamosi zinafuatana hivi. Fundi anaangusha mikono. Ngurumo anarudi nyuma hatua moja, anashusha glovu, anageuka. Hamtafuti refa. Anakutafuta wewe. Wewe una taulo mdomoni. Inayofuata, uso wa Ngurumo una ukungu kwa sababu anatikisa kichwa. Anakataa, baba. Alikukatalia mbele ya ukumbi mzima na hakuna aliyejua. Inayofuata, taulo limerudi mdomoni. Baada ya hapo ni ile ngumi, na macho ya Ngurumo yamefumba.

Nikataka kuja na kamera hii hii nikufanye kama lile jibaba. Nakuambia kweli, nilifika mpaka kituo cha basi. Nilirudi kwa sababu niliona ningefanya hivyo ungenisifu.

Sasa swali lako la mwisho, kama inaweza kukosea. Haikukosea. Lakini usihangaike, nimeshafikiria jambo ambalo nadhani nawe umelifikiria. Nikimwekea mpelelezi picha hiyo mezani ataona mzee mwenye joto anajifuta mdomo. Hakuna sheria inayomkataza mzee kujifuta mdomo. Huo ndio ubaya mkubwa wa kamera yangu kuliko yote: inaona kila kitu na haijui maana ya chochote. Wanaojua maana ni watu wanne. Wewe umenyamaza. Ngurumo anakubali kuoza ndani kuliko kukutaja. Mama amezoea kunyamaza tangu kabla sijazaliwa. Nimebaki mimi.

Jumatatu asubuhi nakwenda kwa mpelelezi. Kama utatangulia wewe, nitakukuta kwenye benchi la nje, nitakushika mkono tuingie pamoja, na sitakuacha hata siku moja, maana wewe ni baba yangu na nakupenda, hilo nalo ni kweli. Usipotangulia, nitaingia peke yangu. Nitaweka picha mezani. Kisha nitafungua mdomo, nimwonyeshe maana yake.

Mama asilaumiwe, amebeba barua tu. Vijana wa jimu wasalimie wote, na yule anayechelewa kuinua mkono wa kushoto mwambie ainue. Kunywa dawa zako za presha. Naomba radhi yako, baba, nikijua huenda nisiipate.

Ni mimi binti yako,

Pengo