Mke wa Mama Wankyo

Jumatano, 8 Februari 1978
Kipindupindu kimeifunga Bunda. Barabara ya Musoma imewekwa gogo, na kwenye gogo yupo Koplo Bernado, mtu wa Songea. Hapiti mtu. Mganga nimebaki peke yangu — mkubwa wangu kakwama Musoma kwenye semina ya usafi!

Mchana Koplo kaniletea mgonjwa wa akili wa dharura. Mama Wankyo wa Butiama, mtu mzima. Alikuja kijiji cha Kabasa kumzika dada yake, akafungiwa huku. Leo kavuka gogo kwa nguvu, kamng'ata askari. Nikampima kupitia dirisha, kitambaa puani, yeye uani juani. Jina lake anajua. Siku anajua. Nikamuuliza anakimbilia wapi.

"Nyumbani, mwanangu. Mke wangu ana uchungu."

Mke! Nikarudia swali, kashikilia hapo hapo. Nikaandika: anajiona mwanamume, azuiliwe, apelekwe hospitali ya vichaa Dodoma. Muhuri, pwa! Nilijiona mtaalamu hasa.

Alhamisi, 9 Februari
Nimemsimulia muuguzi Getruda, mzaliwa wa hapa, nikitegemea tucheke wote. Kacheka peke yake, tena kanicheka mimi.

"Huku mama asiye na mtoto wa kiume anaoaga mwanamke, daktari. Anatoa ng'ombe kabisa. Watoto wanakuwa wa nyumba yake. Nyangi ni mke wake halali."

Bunda nzima wanajua, isipokuwa mimi wa Pangani na Koplo wa Songea. Aibu gani hii! Na lori la Dodoma ni kesho, kupitia Mwanza. Siku hizi kibali cha kutoka Bunda wanapewa vichaa tu.

Ijumaa, 10 Februari
Naandika nikiwa kwenye benchi la polisi. Asubuhi nilikuja mbio, kandambili miguuni, hati ya kumwachia mkononi. Nikamwambia Koplo mama huyu ni mzima, mke anaye kweli, na anajifungua. Koplo kaniangalia kwa huruma. Kaniuliza kama nalala vizuri. Nikapandisha sauti — kosa. Nikamshika mkono — kosa kubwa zaidi, na kipindupindu hiki!

"Ndugu Daktari, hati ya mgonjwa siipokei. Kwanza daktari akupime."

Nikamwambia daktari hapa ni mimi. Na hilo kaliandika.

Mama Wankyo kanisogezea nafasi. Kaniuliza kwa upole kama Nyangi keshajifungua salama. Sijui, na roho inaniuma. Nje lori limeshawashwa. Koplo anamwambia dereva abiria wa Dodoma sasa ni wawili, na ananiita nipande.