Uliyesimama Mikono Nyuma: Kumbukumbu ya Fundi Elijah Omollo

Ni mwaka mmoja leo, Baba Ivyne, tangu moyo wako usimame ukiwa kazini katika duka lako la uchapishaji, River Road. Nyumba hii ya Riruta, vyumba viwili tulimokuwa tukigongana mabega, sasa imekuwa kubwa mno.

Kipande chako cha sabuni cha kutolea wino bado kiko pale bombani. Kimekauka kikapasuka. Mwanetu Ochola akitaka kukitupa namwambia, thubutu!

Ulichapisha kazi za watu miaka thelathini, lakini wengi wanakukumbuka kwa Kanini, binti wa Makueni uliyempokea ajifunze ufundi. Siku moja nilikuletea chakula nikakukuta umesimama nyuma yake, mikono mgongoni, naye anahangaika na mashine. Nikakukemea, "Si umsaidie?" Ukacheka. "Nikimshikia, hiyo kazi itabaki yangu. Mimi niko hapa tu, asiogope."

Akakata vibaya kadi mia tatu za harusi, bwana na bibi harusi wote hawana vichwa. Mwenye kadi alipofoka ulimwambia, "Kosa ni la duka," mkairudia kazi yote nyinyi wawili. Kanini akilia, wewe unamnunulia mandazi. Kadi zile ulizibeba nyumbani, na mpaka leo naandikia nyuma yake orodha ya unga na sukari.

Ulipotuacha, nilifunga duka. Nisamehe. Sikuweza kusikia mashine yako ikilia mkononi mwa mtu mwingine. Kanini alikuwa amebakisha miezi miwili afanye mtihani wa ufundi, na hakuwa na mahali pengine pa kujifunzia. Hata hivyo hakuomba ufunguo hata siku moja. Kila Jumamosi alikuja, akanichotea maji, akaketi nami. Mwishowe ni mimi niliyeshindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Vaa viatu, twende."

Alipoiwasha mashine yako pale dukani nililia mpaka nikakalia rimu za karatasi. Halafu karatasi zikakwama, akageuka. "Mama, sasa nifanye nini?" Jamani, mimi najua nini kuhusu mashine? Nikajikuta nimesimama nyuma yake, mikono mgongoni. "Endelea tu. Niko hapa." Akaendelea.

Amepita mtihani, Omollo. Siku ya matokeo nilikimbia nyumbani nikuambie, nimesahau kabisa kwamba haupo. Nikafika bombani nikakuta sabuni tu.

Tangazo hili amelichapisha Kanini peke yake. Picha yako hapo juu ameikata yeye, na kichwa chako kiko salama.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Peres, wanao Ivyne na Ochola, mjukuu wako Stacy, na Kanini, ambaye tumemwandika hapa kwa sababu ni wako.

Pumzika, fundi. Hatutakusahau, leo wala siku yoyote.