Mume Wetu Usimtie Eksi

Basi jana walipoung'oa ule mlango wa mbele, mimi nikatoka na mbuzi yangu ya kukunia nazi, nikaikalia pale uani kama mgeni.

Leo Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, godoro linalowa huko juu ya lori. Mwanangu Bakari yuko nje anakaza kamba.

Andika, Mwanasiti. Andika ninavyosema, usinitengeneze. Huyu ni mjukuu wangu, anafanya kazi kwenye hiki chumba cha kompyuta hapa Ukunda, na anasema shajara hii hata mtu wa Ulaya ataisoma kwenye mtandao. Haya, asalaam aleikum, mtu wa Ulaya. Mimi kusoma sijui. Namba tu ndizo nazijua, kwa kuuza mihogo.

Tunahama Diani. Shamba lina mwenyewe mpya, mwenye karatasi. Sisi tuna makaburi tu. Watu wake walikuja na rangi nyekundu wakatupiga eksi ukutani, kubwa, mpaka kuku wakaikimbia. Nikauliza, hii ni nini? Wakasema, nyumba hii imekwisha. Imekwisha! Na mimi chungu cha kunde kiko jikoni. Kunde zenyewe ziliungua siku ile, lakini hayo tuyaache.

Sasa Mwanasiti naye akatuandikia humu kazi zote za kuhama, tusisahau kitu. Maandishi matupu, hayana picha wala urembo. Kila kazi na mstari wake, na mbele yake kijumba kitupu cha mabano. Kazi ikiisha, anatia eksi mle ndani. Ikiwa imeanzwa haijaisha, anatia kistari. Na juu kabisa anaandika zimeisha ngapi kwa ngapi.

Jana jioni akaniambia, anafurahi maskini, "Bibi, sita kwa saba! Tumebakisha moja tu."

Nikaziangalia, yeye akinisomea. Kuku, eksi. Mabati, eksi. Kitanda, eksi. Mlango, eksi.

Nikalia.

Yeye anaona kazi inajaa. Mimi naona nyumba inamwagika.

Hiyo moja iliyobaki ni kumuaga babu yake. Amelala nyuma ya kisima, chini ya mti wa mkilifi. Maiti hahamishwi kama kitanda. Jana nilikwenda, nikasoma Fatiha, nikarudi. Leo asubuhi nikaenda tena. Fatiha naimaliza vizuri, kwaheri ndiyo haitoki. Niseme nini? Mzee, mimi nakwenda Kinango kwa mwanao, kule maji hununuliwa, na wewe nakuacha na watu wasiojua hata jina lako?

Na mzee yule, alipokuwa hai, hakuweza kulala peke yake. Mimi nikienda kulala matangani, usiku wa pili utamwona huyo, ati ameleta kuni.

Mwanasiti huyu, babu yake alikuwa akimwita "mke wangu mdogo", ndiyo maana mimi namwita mke mwenzangu. Walikuwa wakinisengenya wawili hao mbele ya macho yangu, ati mke mkubwa anaunguza wali.

Hivi sasa kaniuliza, "Bibi, nitie eksi? Kule ndiyo tumeshatoka."

"Eksi ya nini? Nimemuaga?"

"Basi nikiache kitupu?"

"Kitupu ni kama sikwenda kabisa. We mtoto, nilikwenda mara mbili!"

Akacheka, kisha akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akatia kistari. Nami nikainama nikakitazama, kimelala mle ndani ya kijumba chake, kimenyooka, kama mwenyewe tulivyomlaza.

Anasema hivyo orodha haitajaa milele.

Isijae.

"Mama! Kamba nimeshafunga, dereva analalamika!"

Bakari huyo. Naja, baba, naja! Haya, mke mwenzangu, nipe mkono niinuke, magoti haya. Na hata wakikuambia nini, mume wetu usimtie eksi. Nakwenda.