Birika na Kijiko

Jumatatu, 4 Machi

Kiberiti kamng'ata mtoto wa watu tena! Shavuni. Meno yamejichora duara kama saa ya ukutani. Na huyo Kiberiti si wa mbali, ni binti wa kaka yangu. Nalala naye chumba kimoja, namsuka mimi. Jina kapewa na mpishi wa hapa chekechea: ukimgusa tu, anawaka. Miaka minne!

Mkuu kaniita ofisini. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo anapotisha. Kasema wazazi wamechoka, aking'ata tena hana nafasi hapa, awe mtoto wa kaka wa mwalimu au wa nani. Nikaomba muda. Akauliza muda wa kufanya nini. Mdomo wangu huu ukajibu kabla yangu — nitatengeneza kitabu cha picha. Cha hasira!

Akaniangalia kama nimesema nitafuga tembo. Haya, akasema. Mwisho wa mwezi.

Jumanne, 5 Machi

Kichwa kinachemka tangu jana. Mimi ualimu sikuusomea, nimejifunza kwa video na vitabu vya mtumba. Lakini hili nalijua: mtoto ukimwambia "tulia" humwambii kitu. Neno hilo halina mkia wala masikio. Mpe picha, ashike.

Nimepata! Birika. Limekaa jikoni, moto chini, linatetemeka, linapiga mluzi, kifuniko kinaruka, vikombe vyote mbio. Halafu anakuja Kijiko, mdogo kuliko wote mezani, kikombe cha maji kichwani. Anamwaga motoni. Tsss! Birika linapumua. Basi. Kijiko nimemfanya shujaa kwa sababu watoto wanapenda mdogo ashinde. Nani hapendi?

Rangi ni zile alizoninunulia kaka. Yeye ndiye kanilea wazazi walipoondoka, na siku niliposema nataka kuchora, yeye peke yake hakucheka. Leo karudi kazini mchangamfu, kamzungusha binti yake begani hadi tukamwambia atamwangusha. Nyumba nzima kicheko. Wifi naye kacheka — ila jicho halimbanduki mumewe, kama mtu aliyeteleka maziwa.

Alhamisi, 7 Machi

Watoto wamekipenda kitabu! Wamenitaka nikisome mara tatu. Kwenye "tsss" darasa zima linapuliza mate. Mpishi kaacha sufuria zake kaja kusikiliza, akanitania kwamba hilo birika ni yeye siku sahani zikichelewa kurudi.

Kisha nikawachezesha. Nauliza, moto wako uko wapi? Mtoto anaweka mkono pale anapousikia. Mmoja tumboni. Mmoja kashika taya. Mmoja kakunja ngumi, kaitazama. Sawasawa kabisa!

Kiberiti kanyoosha kidole mlangoni.

Nikadhani hajaelewa. Nikauliza tena. Mlangoni. Wenzake wakaanza kucheka, nikaona sasa hivi mtu atang'atwa, nikauchukua mkono wake nikauweka tumboni kwake. "Hapana, mama. Moto wako uko humu."

Akautazama mkono wake muda mrefu. Akaniamini.

Jumamosi, 9 Machi

Jana hakung'ata. Ningeandika kwa shangwe, lakini leo —

Niandike taratibu. Kaka ni fundi wa friji. Akirudi tunasikiliza funguo zake. Akizitundika msumarini, tunakula, tunacheka. Akizitupa mezani, wifi anapunguza redio na mimi nabeba mtoto chumbani. Hakuna aliyetufundisha. Tumezoea. Nimeandika neno hilo, sasa nalitazama.

Leo mchana zimetupwa mezani. Mteja kamrudishia friji mbele za watu, kamwita mwizi. Sahani imevunjikia ukutani, nadhani mbili. Mimi na Kiberiti tuko kitandani. Naimba kwa sauti ili asisikie. Yeye mkono tumboni, anabonyeza.

"Shangazi, hauzimiki."

Nikamuuliza nini hakizimiki. Akasema moto wake. Yeye anaubonyeza, na baba bado anapiga kelele.

Mungu wangu. Alikuwa ameonyesha sawasawa! Mlangoni. Kila jioni moto unaingilia mlangoni. Mimi ndiye nimeutoa huko nikamtia yeye tumboni.

Baadaye nimemwambia wifi, tukiokota vigae. Hakuinua kichwa. Kasema kila nyumba inafuka moshi wake, kakangu ana moyo mzuri, siwezi kukana hilo. Siwezi. Kisha akaniuliza polepole, ukimsema kakako, wewe utalala wapi? Na mimi?

Nikaendelea kuokota.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwambia Kiberiti moto wa baba ni wa baba, yeye hana kosa. Kaitikia "ndiyo" ile ya kumwondoa mtu mzima.

Basi nikarekebisha kitabu. Nimechora ukurasa mpya: Kijiko hasogelei moto, anakimbia kwa jirani kuita watu. Nimeubandika kwa gundi juu ya ule wa zamani. Nikawasomea. Kiberiti kasimama.

"Siyo hivyo."

Kitabu chote anacho kichwani, neno kwa neno. Nikamweleza Kijiko ni mdogo, moto utamuunguza. Kanitazama kama mimi ndiye wa miaka minne.

"Kijiko haogopi."

Darasa zima likamuunga mkono. Tsss, tsss! Wanataka tsss yao. Wakati wa kulala nimemkuta pembeni anaubandua ukurasa kwa ukucha, taratibu, ulimi nje.

Jumatano, 13 Machi

Bado hajang'ata. Mkuu kanipa mkono mbele ya walimu wote, anataka nakala za madarasa mengine. Mpishi kasema Kiberiti kimelowa.

Sijui kwa nini nilitaka kulia.

Ijumaa, 15 Machi

Benchi la hospitali. Mwandiko huu sijui nitausoma kesho.

Nilikuwa nje naanua nguo. Nilisikia funguo mezani. Nilizisikia! Nikasema nimalize hili shati. Shati moja. Kaka keshaanza kumfokea wifi jikoni, kamshika nguo begani. Mimi naingia na nguo mikononi, namwona Kiberiti anatoka chumbani. Kikombe kichwani. Kichwani! Kakishika kwa mikono miwili, anatembea kwa uangalifu asimwage hata tone. Kafika kwa baba yake. Kamwaga miguuni kwake.

"Tsss," kasema.

Kaka kageuka na mkono. Hata hakuangalia ni nani. Mtoto karushwa hadi kwenye ukingo wa mlango, nikasikia mlio ambao sitaki kuuandika.

Kaka mwenyewe ndiye kambeba. Mbio, peku, analia kuliko mtoto. Kiberiti hakulia. Njiani wifi akatupanga: kateleza, sakafu ilikuwa na maji. Na kweli, sakafu ilikuwa na maji.

Mkono umevunjika juu ya kiwiko. Nesi kauliza imekuwaje, wifi kajibu kama tulivyopangwa. Nesi akaandika. Kisha akainama akamuuliza mtoto mwenyewe. Kiberiti kauweka mkono mzima tumboni.

"Moto ulikuwa humu."

Nesi akadhani tumbo linauma. Akambonyeza hapa na pale, anauliza hapa je, hapa je. Mimi nimesimama hapo hapo. Nimekunja ulimi kama kanga ya mtu mwingine.

Wamemwingiza ndani kufungwa plasta, sisi tukatolewa. Sasa hivi nesi kachungulia. Kasema mtoto anarudia habari ya moto na birika, halafu anasema muulizeni shangazi, kitabu ni chake. Akauliza shangazi ni nani.

Ni mimi, nikasema. Na ndiye mwalimu wake.

Kasema nisubiri, wakimaliza plasta ananiita. Peke yangu.

 Wifi kanikanyaga mguu, na bado kaukanyaga. Kaka yuko benchi la mbele yangu, nyayo zimeraruka kwa mawe. Ananiangalia. Si kwa hasira. Ananiangalia kama alivyokuwa ananiangalia zamani, akininunulia rangi kisha anakaa pembeni, anangoja nimwonyeshe nimechora nini.

Ndani nasikia kiti kinaburutwa. Wamemaliza. Nautoa mguu wangu taratibu. Wifi kanishika gauni. Kaka naye anainuka.

Mlango unafunguka. Nimeshasimama —