Usiuze Gitaa, Ndunda

Boma la Mbuzi,
Machakos Mjini.
Agosti 1999

Kwa ndugu yangu Ndunda,

Pokea salamu zilizochoka kama mwenye kuzituma, lakini zimefika. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, mgongo na meno. Hayo mengine yako sawa. Wewe je? Mkono umeamka hata kidogo? Na shemeji Kanini, najua ni wewe unayemsomea barua hii, basi soma yote, usiruke pale ninapokusengenya. Muthokoi wako wa mahindi na maharagwe bado nauota, ingawa chumvi ulikuwa unasahau.

Huku mvua imetukataa. Mbuzi wanakohoa, watu wanakohoa, hata redio yangu inakohoa.

Barua yenu niliipata. Kanini ameandika kwamba tangu kiharusi kiue mkono wako wa kulia, gitaa letu moja lililobaki linaning'inia ukutani likikusuta, na umemwahidi fundi mmoja wa hapo Ndithini alichukue siku ya soko. Sikukasirika. Siku hizi hata kukasirika kunanichosha. Lakini kabla hujamkabidhi, nisikilize.

Unamjua Samatar, yule Msomali ninayemlindia lango la boma lake. Alikwenda ranchi moja kule Lukenya kununua ng'ombe wa mwisho wa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na mzungu akamwongezea katoni ya kaseti. Samatar hana haja na muziki. Akaniambia, mzee, chukua hizi kelele, labda zitafukuza fisi.

Ndunda, hizo si kelele. Ni Wamarekani wa milimani. Wako na fidla, wako na banjo, ngoma hakuna hata moja. Na ndani yao mna gitaa. Linachapwa kwa kile kijiplastiki kama tulivyokuwa tunachapa sisi, uzi mmoja mmoja, mbio, na kila sauti inatoka safi kama mahindi yaliyopepetwa. Nilisahau kufunga lango. Mbuzi walikwenda kula mboga za sukuma za jirani, na Samatar akaniuliza kama nimeajiriwa kulinda boma au kulinda redio.

Nikamwambia anisamehe, hao ni ndugu wawili wananikumbusha nyumbani. Mmoja ni solo kama mimi, yuko juu. Mwingine ni ridhimu kama wewe, anamshikia chini asianguke. Huku kwetu nani amewahi kuchezesha watu kwa gitaa moja? Samatar akatega sikio, akakubali, kweli ni wawili, wanafukuzana kama dalali na mwenye ng'ombe. Basi nikawa nakaa na huyo wa pili, yule wa chini, nasema huyu ni Ndunda kabisa, hata pale anapochelewa.

Kisha akapita Reuben, mwalimu mstaafu, akasoma karatasi iliyo ndani ya kaseti. Alisema muziki huo unaitwa bluugrasi, yaani nyasi za buluu. Nikamwambia nyasi za namna hiyo hata mbuzi hawa wangezikataa. Ndipo akaniambia gitaa limepigwa na mtu mmoja tu. Jina lake sijaribu kuliandika, nitaliharibu. Nilibisha, nikamwambia avae miwani. Alikuwa ameivaa.

Nikazima redio. Nilichoka, ndugu yangu, uchovu wa kukalisha mtu chini. Yeye peke yake, na mikono yake miwili, anatosha kuwa sisi sote.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa. Niliwaambia niliacha kazi ya mawe Lukenya kwa sababu ya uzee. Haikuwa uzee. Jiwe liliniangukia mkono wa kushoto, na vidole vimebaki kama vijiti, havikunjiki. Ilikuwa wakati ule ule nyumbani wanaulilia mkono wako, nikaona kilio kimoja kinatosha ukoo. Ndiyo maana Krismasi nilishinda na mkono mfukoni, na Kanini akasema naringa kama karani.

Lakini tangu Reuben aende zake, nimekuwa nikiutazama mkono wangu, naukumbuka wako. Wa kwako wa kushoto bado unakunja. Wa kwangu wa kulia bado unachapa. Tukae benchi moja, gitaa moja katikati, wewe ubane nyuzi, mimi nichape. Tutabanana kama wachumba, shemeji atacheka mpaka akimbilie jikoni, na mwanzoni tutatoa sauti ya mbuzi wanaokohoa. Mimi sijali. Yule ni mmoja anasikika wawili. Sisi wazee wawili tukisikika hata mtu mmoja, inatosha.

Mwambie huyo fundi atafute gitaa kwingine. Nakuja kabla ya siku ya soko. Samatar amenipa ruhusa haraka sana, nadhani redio imemshinda. Nisalimie majirani wote, hata yule anayesema nitamtangulia kaburini. Na wewe Kanini, chumvi.

Ni mimi, mkono wako wa kulia,

Wathome.