Wamekata Matete Yako

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Wamekata matete yako.

Ningeanza na habari za watoto na mvua, ungenikatiza: "Abdu, toa lililokuleta." Lililonileta ni hilo. Hata hitma ya mwaka hatujakusomea, na ile bustani ya maji machafu uliyoipalilia miaka yote, kokoto chini, matete juu, imefyekwa mpaka mizizi.

Nani kafyeka? Kamati ya maji. Kisa? Mgeni rasmi anakuja. Unatujua tukisikia mgeni: tunafagia mpaka njia ya mbuzi, kila jiwe linapakwa chokaa. Basi wakaona hata pale yanapopita maji ya vyoo vya shule na zahanati pasafishwe. Wakang'oa matete. Wakazoa kokoto zote, eti zina utelezi. Wakapiga sakafu ya saruji. Mgeni akaja, akasifu usafi, akapigwa picha, akala pweza, akaenda zake. Tangu siku ile maji yanaingia machafu na kutoka machafu, moja kwa moja mtoni.

Utelezi ule ndio uliokuwa ukifanya kazi! Ulinieleza mara ngapi kwamba humo mna vijidudu visivyoonekana, vinavyokula uchafu wetu, na mizizi ya matete inavipa pumzi? Nami, na kabati langu la vitabu, nikakucheka: "Wenzio wanapigania mito mikubwa ya dunia, wewe unapalilia choo." Hukukasirika. Ulisimama na panga lako, tope magotini, ukasema, "Huo mkubwa wako haupiti kwenye makumbi yangu."

Makumbi ya nazi. Hapo ndipo damu inaponichemka. Huu ni wakati wa kuyafukua. Bi Tatu, jirani yako wa shimo la makumbi, aliingia kwenye matope ya mlangoni mwa mto, pale kwenye mikoko, akayatoa yale aliyoyafukia miezi yote hii yaoze, apate usumba, zile nyuzi za kusokota kamba. Alitoka na miguu imejaa vipele. Mikono ameisugua kwa ndimu, harufu haitoki. Wenzake wameogopa kuingia. Makumbi yao yamelala chini ya kinyesi, na kamba ndiyo inayowapikia. Bi Tatu anakulilia kwa namna yake: "Angekuwepo Mwanaidi angewacharaza na huo usumba, mmoja mmoja!"

Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akanikejeli: "Bwana magazeti, kaa. Hapa tunazungumza maendeleo." Nikamuuliza ni maendeleo ya nani, yanayomsimamisha mama yake mzazi, msokota kamba naye, kwenye kinyesi cha zahanati. Watu wakaguna. Kisha mjumbe mmoja, kwa upole kabisa, akasema, "Lakini Abdu, si palipendeza? Na wewe ulikuwepo."

Nikakaa, dada.

Nilikuwepo. Sikukuambia hapo juu kwa sababu mkono ulikataa. Niliyaona matete yamesongamana, nikadhani tangu utuache pametelekezwa. Nikaona aibu kwa ajili yako. Ukingo ule mweupe uliomvutia mgeni, brashi nilishika mimi. Nilijua kuandika makala nzima ya kuwatukana wachafuzi wa bahari, sikujua kazi ya dada yangu inafananaje ikiwa hai. Umati wa wajinga siku ile ulikuwa na msomi wake.

Sasa kamati inasema sakafu ni mali ya mradi, atakayeigusa atashtakiwa. Waandike barua, wasubiri bajeti, waunde kamati ya kuchunguza kamati! Mimi nimekwenda kijiji cha Kanga, nimepewa vichipukizi vya matete bondeni, vimo ndani ya maji uani kwako. Kokoto zilimwagwa nyuma ya shule. Wanawake wameshaanza kuzibeba. Tutazirudisha na ute wake uliobaki, hatutaziosha, na mtu akija na chokaa nitamfukuza mwenyewe.

Nisamehe kile kicheko changu. Mola akupe kauli thabiti na kaburi lenye nafasi. Nakuahidi: Jumamosi, tukitoka kuswali alfajiri, navunja sakafu ile. Wakinipeleka polisi Kilindoni kuniweka ndani, Bi Tatu atamalizia. Nyundo anayo yeye, na kunipa mimi kwanza amekubali kwa shingo upande.

Mdogo wako,
Abdu